Peptidi za Kukarabati Enameli: Zinafaa Jino Gani, na Wakati Gani

Enameli, gamba jeupe linalofunika jino juu ya ufizi, ndiyo kitu kigumu kuliko vyote mwilini. Takriban asilimia 96 ya uzito wake ni madini, hasa fuwele za kalisi na fosfeti ziitwazo haidroksiapataiti. Kinachobaki ni maji na mabaki kidogo ya protini. Kwenye ncha za magego unene wake hufika kama milimita 2.5, na karibu na ufizi huwa nyembamba sana. Seli zinazoijenga, yaani ameloblasti, hufanya kazi jino likiwa bado ndani ya taya. Jino likishachomoza, seli hizo zimekwisha. Mfupa ukivunjika huunga, ngozi ikichubuka huota nyingine, lakini enameli ikimeguka haioti tena. Kwa hiyo kila tangazo linalosema dawa fulani "inakarabati enameli" linahitaji kuulizwa swali moja kwanza: inakarabati enameli iliyoharibika kwa kiasi gani?

Jino halianzi kuoza kwa tundu. Bakteria wanaoishi kwenye ukoga, ule utando laini unaoganda kwenye meno yasiyopigwa mswaki vizuri, hula sukari na kutoa asidi. Asidi hiyo ikishusha pH juu ya jino chini ya takriban 5.5, kalisi na fosfeti huanza kuyeyuka kutoka kwenye enameli. Mate huja kuizimua asidi na kurudisha madini, lakini kazi hiyo huchukua nusu saa hivi, wakati mwingine zaidi. Anayekunywa soda funda mojamoja tangu saa nne asubuhi hadi saa nane mchana, au mtoto anayemung'unya ubuyu wa sukari kutwa nzima, hayapi mate nafasi ya kumaliza kazi hata mara moja.

Madini hayo hayatoki juu tu. Sehemu kubwa hutoka chini kidogo ya uso wa jino, huku ganda la nje likibaki karibu zima. Matokeo yake ni eneo lenye vijitundu vingi visivyoonekana kwa macho, lililofunikwa na uso ambao bado haujavunjika. Mtu huona doa jeupe lisilong'aa, mara nyingi karibu na ufizi au kuzunguka mahali palipogandishwa vyuma vya kunyooshea meno. Weupe huo si rangi iliyopakwa. Ni mwanga unaotawanyika kwa sababu vijitundu vimejaa maji au hewa mahali pa madini. Katika hatua hii jino haliumi. Ndiyo maana wengi hawaendi kwa daktari, na ndiyo hatua pekee ambayo peptidi zina kazi ya kufanya.

Peptidi ni mnyororo mfupi wa asidi amino, vipande vilevile vinavyounda protini. Mwili unapotengeneza enameli kwa mara ya kwanza hutumia protini za pekee, hasa amelojenini, zinazoelekeza fuwele zikue wapi na zielekee wapi. Wanasayansi wamejaribu kuiga kazi hiyo kwa minyororo mifupi zaidi inayotengenezwa maabara. Iliyofika mbali kuliko zote ni P11-4, iliyobuniwa katika Chuo Kikuu cha Leeds, Uingereza, na baadaye kuingizwa sokoni na kampuni ya Credentis ya Uswisi kwa jina la Curodont. Ina asidi amino 11 tu, na sifa yake kubwa ni kwamba hujipanga yenyewe.

Kwenye chupa yake, molekuli za P11-4 hukaa mojamoja katika kimiminika chepesi kinachopenya kwa urahisi kwenye vijitundu vya doa. Ndani ya doa hali hubadilika: kuna asidi kiasi na kuna chumvi za madini. Mabadiliko hayo huzifanya molekuli zishikane ubavu kwa ubavu, zikawa tepe, tepe zikawa nyuzi, nyuzi zikatandaa ndani ya enameli. Kwenye nyuzi hizo kuna sehemu zenye chaji zinazovuta kalisi, na hapo fuwele mpya za haidroksiapataiti huanza kujengeka. Nyuzi hizo hazitofautiani na fito za nyumba ya udongo: fito peke yake si ukuta, lakini bila fito udongo hauna pa kushikamania.

Jambo linalosahauliwa sana katika matangazo ni kwamba P11-4 haileti madini. Kalisi na fosfeti hutoka kwenye mate ya mgonjwa mwenyewe, na ujenzi huo huchukua wiki na miezi. Kinywa chenye mate kidogo, au kinachooga sukari kila saa, hakina cha kujengea, hata peptidi iwe bora kiasi gani. Watu wanaotumia dawa zinazokausha kinywa, waliopigwa mionzi ya saratani kichwani au shingoni, na wanaotafuna mirungi kwa saa nyingi huku wakiteremshia na soda, wanapaswa kumweleza daktari kabla hawajalipia chochote. Kwao tatizo la kwanza ni mate, doa ni la pili.

Kabla ya tiba lazima doa litambuliwe sawasawa, na hapa utaalamu wa daktari una thamani kuliko dawa yenyewe. Jino husafishwa ukoga wote, kisha hutazamwa likiwa limelowa. Baadaye hupulizwa hewa kwa sekunde tano hivi na kutazamwa tena. Doa linaloonekana tu baada ya kukaushwa bado halijaenda ndani sana. Linaloonekana hata jino likiwa na maji limekwenda ndani zaidi. Sababu ni ya kifizikia. Maji yaliyojaa kwenye vijitundu hukaribiana na enameli katika namna ya kupinda mwanga kuliko hewa inavyokaribiana nayo, kwa hiyo maji huficha madoa madogo na hewa huyafichua. Daktari huangalia pia kama doa ni hai: doa hai halina mng'ao, lina ukwaruzo likiguswa taratibu, na mara nyingi liko chini ya ukoga karibu na ufizi uliovimba. Doa lililotulia huwa laini na lenye kung'aa, wakati mwingine la kahawia. Hilo limeacha kuendelea na mara nyingi halihitaji tiba yoyote zaidi ya usafi.

Kifaa chenye ncha kali hakipaswi kuchomekwa kwenye doa ili kuona kama "linashika". Uso ule mwembamba ukitobolewa, doa lililokuwa na nafasi ya kupona hugeuka tundu palepale. Mgonjwa anayeona daktari akichokonoa doa jeupe kwa sindano ana haki ya kuuliza, kwa adabu, kama kuna njia nyingine.

Upakaji wenyewe ni mfupi na hauumi. Hauhitaji sindano ya ganzi wala mashine ya kutobolea. Jino husuguliwa, kisha hupakwa hipokloraiti ya sodiamu kwa sekunde chache ili kuondoa protini za mate zilizoziba vijitundu. Hufuata asidi ya fosfori ya asilimia 35, kwa kawaida kwa sekunde 20, kufungua uso. Jino huoshwa, hukaushwa, na kuzungushiwa pamba ili mate yasilifikie. Ndipo tone la peptidi hupakwa kwa sponji ndogo na kuachwa dakika tatu hadi tano lizame. Madaktari wengi humalizia kwa kupaka vanishi ya floraidi. Hipokloraiti ni kemikali ileile iliyomo kwenye jiki ya kufulia, na watu wenye kupenda kujitibu wameshawahi kufikiria kuifanya kazi hii nyumbani. Isifanywe. Jiki huunguza fizi na koo, na asidi ikiachwa kupita muda wake huongeza hasara iliyokusudiwa kuondolewa.

Ushahidi unastahili kutazamwa bila ushabiki. Jaribio la kwanza kwa watu, lililofanyika Leeds na kuchapishwa 2013, lilikuwa na watu wazima 15 tu waliopakwa mara moja na kufuatiliwa kwa siku 180. Lengo lake kuu lilikuwa usalama, na halikuwa na kundi la kulinganisha. Mwaka 2018 ulichapishwa utafiti wa Greifswald, Ujerumani, uliohusisha watoto 70 ambao magego yao ya kudumu yalikuwa yanachomoza yakiwa tayari na dalili za kuoza. Nusu walipata vanishi ya floraidi peke yake, nusu vanishi pamoja na P11-4. Baada ya miezi sita waliopata vyote viwili walikuwa na hali nzuri zaidi. Tafiti zilizofuata hazikuimba wimbo mmoja. Nyingine ziliona faida, nyingine hazikuona tofauti kubwa na floraidi ya kawaida. Nyingi zilihusisha watu wachache kwa muda mfupi, na baadhi zilipata msaada wa watengenezaji. Kwa maneno mengine, peptidi hii ni salama na inaelekea kusaidia madoa ya mwanzo, hasa ikiambatana na floraidi. Kuitangaza kama tiba iliyoipita floraidi ni kuitangulia sayansi.

Kuna bidhaa nyingine zinazopita kwa jina hilohilo la peptidi. Ya zamani zaidi ni ile inayotokana na kaseini, protini ya maziwa, iliyotafitiwa na Eric Reynolds na wenzake katika Chuo Kikuu cha Melbourne, Australia. Hiyo hubeba kalisi na fosfeti ambazo hazijaganda na kuziweka juu ya jino, na huuzwa kama krimu ya kupaka au huchanganywa kwenye chingamu. Mwenye mzio wa maziwa haimfai kabisa. Hata kwa wengine, mwongozo wa Chama cha Madaktari wa Meno cha Marekani wa mwaka 2018 ulishauri isitumike badala ya floraidi pale floraidi inapopatikana. Katika Chuo Kikuu cha Washington, Seattle, kundi la Mehmet Sarikaya lilichapisha mwaka huohuo matokeo ya peptidi iliyokatwa kutoka kwenye amelojenini, iliyojenga tabaka jipya la madini juu ya enameli maabarani. Kundi hilo limekuwa na nia ya kuiweka kwenye peremende ya kumumunya. Matokeo ya maabarani, hata yawe mazuri namna gani, si sababu ya kununua kitu kwenye mtandao leo.

Unga wa "kolajeni peptidi" unaouzwa kwa ajili ya ngozi na nywele hauhusiani na haya yote. Ukinywewa humeng'enywa tumboni kama nyama au maharage, na hakuna njia ya peptidi hizo kufika ndani ya doa la jino. Mkaa wa kusugulia meno nao, ambao wauzaji husema unang'arisha na kuimarisha, hufanya kinyume: hukwangua enameli na kuifanya nyembamba, na kilichokwanguliwa hakirudi.

Si kila weupe au uharibifu wa enameli ni kazi ya peptidi. Enameli iliyolika kwa asidi ya ndimu, ukwaju, embe bichi au soda, au kwa matapishi ya mara kwa mara, imeyeyuka kuanzia juu kwenda chini. Hapo hakuna uso uliobaki wala vijitundu vya kutosha vya kuingiza kitu. Kinachotakiwa ni kuondoa asidi, kusukutua kwa maji matupu mara baada ya kutapika, na kusubiri nusu saa kabla ya kushika mswaki, kwa kuwa enameli iliyolainishwa na asidi huondolewa kirahisi na nyuzi za mswaki. Mama mjamzito anayetapika asubuhi anaweza kuokoa meno yake kwa kujua jambo hilo moja.

Kisha kuna meno ya kahawia na yenye mabaka ambayo wenyeji wa Arusha, Meru na sehemu nyingine za Bonde la Ufa, Tanzania na Kenya, wanayajua vizuri. Hayo hayatokani na bakteria. Ni matokeo ya floraidi nyingi katika maji ya kunywa wakati enameli inajengwa utotoni, yaani kabla jino halijachomoza. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita, na miamba ya volkano ya eneo hilo hutoa maji yanayopita kiwango hicho kwa mbali katika visima na chemchemi nyingi; magadi yanayotiwa kwenye maharage na makande huongeza. Enameli ya meno hayo ina vijitundu pia, na ndiyo sababu watu huuliza kama peptidi itawasaidia. P11-4 ilibuniwa na kupimwa kwa ajili ya meno yanayoanza kuoza, si kuondoa rangi ya kahawia iliyojengwa ndani ya jino. Kwa mabaka hayo daktari ana njia nyingine: kukwangua tabaka jembamba sana la juu kwa uangalifu, kung'arisha, kupenyeza resini ya majimaji, au kufunika jino likiwa limeharibika sana. Kwa mtoto ambaye meno ya kudumu bado hayajatoka, tiba ni maji: kutafuta chanzo chenye floraidi kidogo, kuvuna maji ya mvua, au kuchuja kwa mifupa iliyochomwa, njia ambayo imetumika kwa miaka mingi katika kituo cha kuondoa floraidi majini cha Ngurdoto, Arusha.

Kwa mwenye doa la mwanzo la kuoza, mpangilio mzuri wa matumizi ya fedha huanza na vitu vya bei nafuu. Dawa ya meno yenye floraidi ya 1,000 hadi 1,500 ppm, kiasi kinachoandikwa kwenye tyubu, itumike mara mbili kwa siku, mara moja ikiwa kabla ya kulala. Mtoto wa chini ya miaka mitatu anatosheka na kiasi cha punje ya mchele, wa miaka mitatu hadi sita kiasi cha njegere, na mtu mzima amsimamie asimeze, hasa katika maeneo yenye floraidi nyingi majini. Baada ya kupiga mswaki mtu ateme povu bila kusukutua kwa maji mengi, kwa sababu maji huondoa floraidi kabla haijafanya kazi. Mswaki wa mti unaondoa ukoga vizuri ukitumiwa kwa subira, lakini haujazi pengo la floraidi. Anayeupenda autumie kisha apake dawa ya meno kidogo. Sukari haihitaji kuachwa yote. Kinachookoa meno ni kuikusanya kwenye milo na kuacha kunywa chai tamu au soda kidogokidogo siku nzima. Vanishi ya floraidi ya asilimia 5, inayopakwa na daktari kila baada ya miezi mitatu hadi sita, ina ushahidi wa muda mrefu na ni nafuu kuliko peptidi. Peptidi ifikiriwe baada ya hayo, pale doa linapokuwa hai, uso wake mzima, na mgonjwa yuko tayari kubadilisha ulaji. Anayesita anaweza kuanza na vanishi peke yake bila kupoteza chochote.

Maswali ya kumuuliza daktari ni mepesi. Je, uso wa doa umevunjika? Doa ni hai au limetulia? Bidhaa ni ipi hasa, na muda wake wa kutumika haujapita? Itaambatana na vanishi? Nani atalikagua doa, na baada ya muda gani? Daktari asiyeweza kujibu la kwanza hajalichunguza jino vya kutosha kupendekeza peptidi.

Jino lenye tundu, linalouma kwa maji baridi au linalokamata chakula halihusiki. Huko enameli imeshavunjika na uozo umeingia kwenye dentini, tabaka lililo chini ya enameli, na kutandaza peptidi juu yake ni kupoteza fedha na wakati. Hapo kuna kuziba, na kwa watoto au mahali ambapo mashine hazipo, kuna silva daiamini floraidi ya asilimia 38, ambayo husimamisha uozo kwa kupakwa tu, ingawa huacha weusi wa kudumu kwenye sehemu iliyooza. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliingiza dawa hiyo, pamoja na dawa ya meno yenye floraidi na saruji ya glasi ayonoma ya kuzibia, katika orodha yake ya dawa muhimu. Peptidi haimo.

Baada ya kupakwa, mgonjwa afuate maelekezo ya daktari kuhusu kula na kupiga mswaki siku hiyo, kwa kuwa hutegemea kama vanishi imetumika, kisha arudi kwenye utaratibu wa kawaida. Doa halitatoweka kesho yake. Picha iliyopigwa siku ya tiba, jino likiwa limekaushwa na chini ya taa ileile, husaidia kulinganisha baada ya miezi mitatu na baada ya sita. Dalili nzuri ni uso kurudisha mng'ao na doa kupungua ukubwa. Weupe kidogo unaweza kubaki hata jino likiwa limepona, na huo hautibiwi tena isipokuwa kwa sababu za urembo. Doa likiendelea kupanuka, daktari atazame kwanza ukoga na sukari kabla ya kurudia peptidi. Uso ukivunjika, jino lizibwe bila kusubiri ziara nyingine.